Kuku Wanaochagua Chakula: Tunavyolishana Hapa Uyole

Mwambie mtu aliyekulia kijijini kwamba kuku wako wanachagua chakula, atakucheka, na ana haki ya kucheka, kwa sababu kuku tuliokua nao walikuwa wanakula chochote wanachokikuta chini, makombo, mende, kumbikumbi, ukoko wa ugali, jioni wanapanda juu ya mti wanalala, na hakuna aliyewahi kujadili wamepata protini kiasi gani. Sasa leta chotara mjini, mfungie kwenye uwanja wa nyumba ambao ukipiga hatua chache umegota kwenye ukuta wa jirani, afu mwekee unga safi wa dukani kwenye chombo. Utaona maajabu. Mi toka nimeanza kufuga, kilichonisumbua akili kuliko mwewe, kuliko baridi ya huku Uyole, Mbeya, kuliko hata mafua ya kuku, ni hii habari ya kuku kugomea chakula ambacho nimekitolea hela.

Ninao kumi na wawili kwa sasa, wengi ni chotara, Kuroiler na Sasso, na wachache wa kienyeji niliopewa na mama mkwe kutoka Rungwe. Kuroiler asili yake India, Sasso asili yake Ufaransa, ila kwenye kudai haki zao wote ni wamoja. Wa kienyeji hawana makuu, ukiwawekea wanakula, usipowawekea wanachakura. Shida ni hao wengine, hasa mmoja mwekundu mnene tunayemwita Mwenyekiti, maana bila yeye kuanza hakuna anayesogelea chombo.

Mwenyekiti anakula hivi. Anafika wa kwanza, analaza kichwa upande aangalie kwa jicho moja, anaingiza mdomo kwenye unga anaufagia, kulia, kushoto, kulia tena, unga unaruka nje ya chombo, halafu anadonoa kipande cha hindi. Anafagia tena. Kipande cha dagaa. Anafagia. Akimaliza vya upande huu anazunguka upande wa pili, wenzake wanampisha, na kule nako anafagia. Ukija baada ya nusu saa unakuta vumbi la kijivu limemwagika kwenye maranda, na ndani ya chombo limebaki vumbi hilohilo, na kuku wote wamesimama mlangoni wanakusubiri uwaletee cha maana.

Na hilo vumbi ndo ulilolipia. Chokaa, mifupa iliyosagwa, chumvi, premiksi ya vitamini na madini, vyote ni laini, kwa hiyo kuku anayechagua vipande anakula mahindi na dagaa anaacha madini chini, na wale wa mwisho kwenye foleni, wale wanyonge, wanakuta madini matupu bila mahindi, yaani banda moja, gunia moja, ila kila kuku anakula mlo wake tofauti. Matokeo huyaoni siku hiyo. Ganda la yai moja lina gramu 5 au 6 hivi na karibu lote ni kalsiamu kaboneti, ukitafuta kalsiamu yenyewe ni kama gramu 2, na kuku anayetaga vizuri anahitaji azipate hizo kwenye chakula karibu kila siku, asipozipata anazichota kwenye mifupa yake mwenyewe. Atavumilia kwa muda, halafu unaanza kuokota mayai ya ganda jembamba, mengine yana ngozi tu, mengine unakuta wameshayapasua wanakula, na kuku akishajua kwamba yai nalo ni chakula, hapo umeshapata kesi nyingine kabisa.

Watu wengi wanadhani kuku anachagua kwa sababu ya utamu, eti unga mchungu, eti hauna harufu. Mi sikubaliani. Kuku ana vinundu vya ladha mia chache tu mdomoni wakati sisi tuna maelfu, na ukali wa pilipili hausikii kabisa, ndo maana wazee wanaponda pilipili kichaa wanatia kwenye maji ya kuku na kuku anakunywa bila shida (na hiyo pilipili haitibu ugonjwa wa kideri, ntafika huko). Kuku anachagua kwa jicho na kwa ncha ya mdomo. Anaangalia punje ni kubwa au ndogo, rangi yake, ni kitu anachokijua au ni kigeni, na kitu kigeni anaweza akakipita siku nzima bila kukigusa. Halafu kuna hili ambalo naona ndo kubwa zaidi: anachagua kwa sababu anajua kuna kingine kinakuja. Kama kila siku saa nne asubuhi watoto wanawatupia mahindi, nani atahangaika na vumbi saa moja asubuhi? Kwa hiyo kuku wa namna hii ukimbadilishia chakula kila wiki unamzidishia tu. Cha kubadilisha ni saa, na kipi kitangulie kipi kifuate.

Aliyenifungua macho kwenye hili ni kaka mmoja wa duka la pembejeo pale njia panda, siku nimebeba nusu gunia la unga narudisha.

"Kaka habari ya kazi bana, huu unga kuku wangu hawautaki, nibadilishie."

"Dada, wewe una kuku au una wageni? Mgeni ndo anaulizwa atakula nini." Akacheka na wateja wengine wakacheka. "Asubuhi unawapa nini?"

"Mahindi kidogo, wachangamke."

"Sasa unga wataula saa ngapi? Anza na unga. Mahindi yawe ya kulalia."

Nusu gunia nikarudi nalo.

Sasa hivi ratiba yetu inaenda hivi, na nakwambia mapema sio sheria ya serikali, ni ya banda letu. Saa 12 na nusu asubuhi naamka, na huku kwetu mwezi wa sita saa hiyo bado giza giza na mikono inauma kwa baridi. Kitu cha kwanza ni maji, kabla ya chakula. Kuku anakunywa karibu mara mbili ya uzito wa chakula anachokula, na asipokunywa hali, ni rahisi hivyo, na kipindi cha kipupwe maji yaliyolala nje usiku kucha Uyole yanakuwa ya baridi mpaka kuku anadonoa mara moja anaondoka. Nachanganya na ya moto kidogo yawe vuguvugu. Nimewahi kuona mtu anahangaika na dawa za kuongeza hamu ya kula wakati kuku wake wana kiu tu.

Halafu unga, na unga wa asubuhi naulowesha. Hii nimefundishwa na mama jirani, Mhehe wa Iringa, kafuga toka watoto wake wako shule ya msingi na sasa ana wajukuu. Alikuja kuomba chumvi akamkuta Mwenyekiti yuko kwenye shughuli zake za kufagia, akasimama anatazama, akasema, "Mwanangu, huo unga ulowanishe, atapekua nini hapo?" Na kweli. Unatia maji kidogo kidogo unakoroga kwa mkono mpaka ukikamata unashikana, ukiuachia unavunjika. Ukizidisha maji unakuwa uji na uji unaganda mdomoni na kwenye manyoya ya shingo. Ukiwa sawasawa, lile vumbi la chokaa na premiksi linang'ang'ania vipande vya mahindi, akidonoa hindi kameza na dawa yake. Nawawekea kiasi cha kumaliza ndani ya nusu saa hivi, kinachobaki natoa, maana unga mbichi ukilala na joto la mchana unachacha na ukungu unaanza. Wapo wanaouchachusha makusudi, wanaloweka siku mbili tatu mpaka unanuka uchachu, na kuku wanaupenda sana, ila hiyo inataka ndoo safi na mtu anayefuatilia, na mi asubuhi nina watoto wa shule.

Mlango wa banda haufunguliwi mpaka unga wa asubuhi uishe. Hapa ndo pana ugomvi, kwa sababu wanapiga kelele mtaa mzima unasikia, na mwenye nyumba wangu ameshanitumia meseji kuuliza kama kuna nyoka. Ila wakishajua kwamba uwanja uko baada ya unga, wanakula. Wiki ya kwanza waligoma, ya pili wakaanza kula huku wananuna, kuku ananuna jamani, afu ikawa ndo utaratibu.

Kuku wa mayai mkubwa anakula gramu 110 mpaka 130 hivi kwa siku, wa kienyeji mdogo mdogo anakula pungufu ya hapo. Kwa hiyo wangu wote kwa pamoja ni kama kilo 1 na robo mpaka kilo 1 na nusu, na kama nusu yake inaisha asubuhi. Usikadirie kwa macho. Nenda na kopo lako dukani wakupimie kwenye mzani mara moja, weka alama kwa msumari, basi, umemaliza biashara ya kupima maisha yote ya hilo kopo.

Baada ya hapo kuna unga mkavu kwenye chombo cha kuning'iniza, unaokaa mpaka mchana, na naacha uishe kabisa ndo niongeze. Hilo la kuacha chombo kiwe kitupu kwa saa moja hivi mchana watu wanalipinga, wanasema leya, yaani kuku wa mayai, hatakiwi kukosa chakula, na kweli hatakiwi kushinda njaa, ila chombo ambacho hakiishi ndo kinachomfundisha kufagia, kwa sababu anajua juu ya vumbi utamwagia unga mpya wenye vipande. Kikiisha kwanza, vumbi wanalilamba. Chombo chenyewe usikijaze hadi juu, nusu inatosha, theluthi ni bora zaidi, na kining'inie usawa wa mgongo wa kuku akiwa amesimama, hapo kufagia kunakuwa kwa shida na unga haumwagiki. Na viwe viwili, mbali na mbali. Hii ya viwili ilibadilisha mambo kuliko hata kulowesha, maana Mwenyekiti hawezi kulinda pande zote, na kuna jike moja la kienyeji nililokuwa nadhani linachagua, kumbe lilikuwa linasubiri zamu ambayo haifiki.

Mchana kwenye saa 9 hivi ni majani. Mchicha, chinese, majani ya kabeji, na huku hatuna shida ya kabeji, gari zinashusha kila siku. Nafunga fungu kwa kamba nalining'iniza usawa wa kichwa chao, wanarukia wanadonoa, inawashughulisha na inapunguza kudonoana. Ukitupa chini wanakanyaga kisha wanaona uchafu hawali. Mboga za kuokota sokoni naziosha kwanza kwa sababu hujui zimepuliziwa lini.

Saa hiyohiyo ndo naweka chokaa pembeni kwenye kikopo chake, pamoja na maganda ya mayai yaliyokaushwa na kupondwa vipande vipande. Ganda la yai linajengwa sana sana usiku, kwa hiyo kalsiamu aliyokula jioni ndo inayomkuta inahitajika, na ikiwa ya vipande badala ya unga inakaa kwenye firigisi inayeyuka taratibu mpaka usiku. Na kuku anayetaga anaijua haja yake, utaona wanaotaga wanakwenda kwenye kikopo na jogoo anapita tu. Maganda yaponde vizuri yasifanane tena na yai. Na chokaa iwe ya mifugo, ile ya kupakia ukuta ni kitu kingine, inaunguza.

Mahindi yanakuja mwisho, kabla tu hawajapanda kulala, konzi chache kwa wote. Punje nzima inasagwa polepole usiku na huku kwetu usiku wa mwezi wa saba kuku anahitaji kitu tumboni cha kumpa joto. Yasizidi sehemu moja ya kumi ya chakula chote cha siku. Mahindi yana protini asilimia 8 au 9 tu, leya anataka 16 au 17, hesabu ndo hiyo.

Changarawe za mtoni zipo kwenye sufuria kuukuu wakati wote, hana meno huyu.

Kuhusu kuchanganya chakula mwenyewe, huku Nyanda za Juu Kusini tumebarikiwa, ukishindwa kuchanganya Mbeya utachanganya wapi? Mahindi yapo, pumba zipo, mashudu ya alizeti yapo, soya ipo. Ninachotumia mimi kwa kilo 100 ni mahindi yaliyoparazwa 45, pumba za mahindi 13, mashudu ya alizeti 16, soya 8, dagaa 8, chokaa 8, mifupa kilo moja na robo, chumvi nusu kilo, premiksi robo kilo, na inakuja kwenye protini ya asilimia 16 na kitu, ingawa mashudu yanatofautiana sana, yaliyokamuliwa na maganda yake yote yana protini kidogo na nyuzi nyingi. Soya lazima ikaangwe au ichemshwe kwanza, mbichi inazuia mwili wa kuku usitumie protini, unalisha hela. Na mashineni usikubali mahindi yasagwe ya ugali. Mwambie akuparazie tu, chekeche kubwa, vipande vyote vikaribiane ukubwa, kwa sababu kama mahindi ni mabonge na vingine vyote ni vumbi umeshamwandalia Mwenyekiti kazi. Ukichanganya, vile vya robo na nusu kilo vichanganye kwanza na pumba kidogo kwenye beseni, ndo umwage kwenye rundo kubwa, la sivyo premiksi yote itakaa kona moja. Usichanganye ya miezi mitatu ili kuokoa nauli. Dagaa na mashudu vina mafuta na mafuta yanachina, baada ya mwezi hivi unga unaanza harufu nzito, na kuku akiukataa huo yuko sahihi.

Dagaa ndo penye bei, na penye bei ndo penye ujanja. Sokoni Soweto kuna dagaa wa Ziwa Victoria na kuna usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa kutoka Kyela, na ule wa kuku wanaouza umekatika katika, umechanganyika na mchanga wa ufukweni ambao wenyewe wanasema ni wa bahati mbaya. Mi natembea na chupa ya maji. Nachukua konzi, natumbukiza, natikisa, naacha itulie. Siku moja mchanga ulikaa chini ya chupa upana wa kidole, muuzaji akaangalia chupa, akaangalia mimi, akasema "chukua wa gunia lile mama," akafungua gunia lingine lililokuwa nyuma yake muda wote. Uonje pia kwa ulimi. Ukiwa wa chumvi nyingi kuku wanakunywa maji kupita kiasi, kinyesi kinakuwa maji matupu, na maranda yananuka amonia ndani ya siku chache.

Ukihama kutoka unga mmoja kwenda mwingine usikate ghafla. Robo mpya kwa robo tatu za zamani, baada ya siku mbili tatu nusu kwa nusu, uende hivyo, ndani ya wiki au siku kumi wamehamia bila kujua. Nyingi za lawama ninazosikia kwamba chakula cha duka fulani kibaya ni hapo tu, mtu kafungua gunia jipya asubuhi kamwaga, kuku wamekiona kigeni wamenuna.

Sasa vya jikoni. Huku kwetu parachichi ni la kumwaga, Rungwe yote ni parachichi, na maganda na kokwa vinaenda kwa kuku moja kwa moja. Usiwape. Parachichi lina kitu kinaitwa persini, kipo zaidi kwenye majani, ganda na kokwa, na ndege kinawaumiza moyo. Utaniambia wako wamekula na hawajafa, sawa, ila kwangu halivuki mlango wa jiko. Wa Kyela na Busokelo waangalie na maganda ya kakao, nayo ni sumu kwa kuku. Viazi mviringo vilivyogeuka kijani kwa kukaa juani, na maganda yake, hapana, vya kawaida vikichemshwa ni sawa. Maharage makavu mabichi hapana, yakiiva kabisa sawa. Mahindi yenye ukungu hapana kabisa, na hapa sibembelezi, watu wana tabia ya kuchambua mahindi, mazuri ya ugali, yaliyooza ya kuku. Sumukuvu inaua ini la kuku kama inavyoua letu, mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, na kwa kuku inaanza kimyakimya, anapunguza kula, anapunguza kutaga, unasema anachagua.

Machicha ya komoni, pombe yetu ya kienyeji, je? Mama jirani anawapa wake na wanayapenda kupita maelezo. Yana protini, nafaka imeshachachuka, sio kitu kibaya kikiwa kibichi cha siku hiyo na kidogo. Ila ni maji mengi, yanamjaza gole, ule mfuko wa chakula chini ya shingo, upesi na anaacha unga, kwa hiyo kwangu ni ya jioni na ya mara mojamoja. Mume wangu anasema kuku wa kwetu wameokoka.

Kuna kuchagua na kuna kuumwa, na hivi viwili mgeni wa kufuga anavichanganya. Anayechagua anakataa unga, ukimtupia hindi anakimbilia. Anayeumwa hakimbilii hindi. Amejikunja, mabawa yameshuka, macho nusu, kinyesi cha kijani, huyo mtenge leo leo na mwite afisa mifugo, inaweza kuwa kideri, na kideri hakina dawa, si pilipili, si mshubiri, ni chanjo tu kabla hakijaingia, ile inayoitwa I-2 ni tone moja jichoni kila baada ya miezi 3. Jioni nawapapasa gole wakiwa wameshapanda, ule mfuko unatakiwa uwe umejaa. Asubuhi uwe mtupu. Ukiukuta mgumu asubuhi, kuna kilichoziba. Anayeatamia naye hali, anatoka mara moja kwa siku anakula haraka anarudi, muache. Na kama wote wamepungua hamu na hawaumwi, washa tochi usiku uangalie kwenye fito na chini ya mabawa, utitiri unawanyonya usiku wanaamka hoi, huku tuna pareto, yale maua ya kuua wadudu, unga wake unapaka kwenye fito na viota, mtafute mkulima wa pareto yeyote atakuuzia.

Kinachonipa kazi sasa ni mitetea wanne wapya niliowaingiza wiki hizi, hawajaanza kutaga. Chakula cha kuku wa mayai kina kalsiamu karibu asilimia 4, na kwa mtetea anayekua hiyo ni nyingi, inamchosha figo, wakati chakula cha kukuzia kina kama asilimia 1 tu ambayo kwa anayetaga haitoshi. Kuwatenga sina nafasi. Kwa hiyo wote nimewahamishia kwenye cha kukuzia na chokaa ya vipande iko pembeni saa zote badala ya mchana tu, anayeihitaji anakwenda mwenyewe. Mpaka sasa maganda ya mayai yako vizuri, na mitetea kikopo hawakigusi. Wanakula chombo cha pili, kile cha mbali, na kwa vile wamekua na unga tupu toka vifaranga hawajui kufagia. Wakianza kutaga itakuwa karibu na mvua za Novemba, kumbikumbi watakuwa wanaruka, na kwa siku hizo ratiba ya asubuhi itabidi isimame, kwa sababu kumbikumbi wakiwa wamejaa uwanjani unga hamna atakayeugusa.